Karthika Vanabhojanam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu karamu ya ibada chini ya mti wa amla

Kila mwaka Diwali ikishapita, vijana wetu wanaosoma Hyderabad, Visakhapatnam na miji mingine ya India ya kusini hualikwa na wanafunzi wenzao kwenda "vanabhojanam". Wapo wanaodhani ni pikiniki tu. Wapo wanaosita kwa kuogopa kuingizwa kwenye ibada wasiyoijua. Na wapo wanaokwenda, wakala wakashiba, wakarudi bwenini bila kuelewa kwa nini watu wazima walikuwa wakiuzunguka mti. Maswali ninayoulizwa msimu huo ni yale yale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa.

Vanabhojanam ni nini hasa?

Ni mlo wa pamoja unaoliwa nje, msituni au shambani, chini ya mti mtakatifu, baada ya mti huo na miungu inayohusishwa nao kuabudiwa. Ni desturi ya Wahindu, na imeshamiri zaidi kwa Watelugu, yaani watu wa majimbo ya Andhra Pradesh na Telangana. Wao huiita Karthika Vanabhojanam kwa kuwa hufanyika katika mwezi wa Karthika. Mti unaotafutwa ni wa amla, ambao kwa Kitelugu huitwa usiri.

Mgeni hudhani kwamba kuna ibada, halafu kuna chakula cha kuondolea njaa, kama chai baada ya mkutano. Sivyo ilivyo. Kupika, kumtangulizia mungu chakula, kukigawa na kukila pamoja pale kivulini ndiyo ibada yenyewe. Aliyesali vizuri akaondoka kabla ya kula, kwa wenyeji hajamaliza alichojia.

Kwa nini uwe mti wa amla?

Ukiuona mara ya kwanza huenda usiutilie maanani. Ni mti wa kimo cha wastani, gome lake la kijivu hubanduka vipande vipande, na majani yake ni madogo mno, yamejipanga pande mbili za vijitawi vyembamba. Matunda yake ni ya mviringo, ya kijani kinachoelekea manjano, na kila tunda lina mistari sita hafifu inayoshuka kutoka kwenye kikonyo. Uking'ata utakutana na uchachu, kisha uchungu kidogo, kisha ukakasi unaoukaza ulimi. Ukinywa maji baada ya hapo, maji yanakuwa matamu mdomoni. Matunda huanza kukomaa majira hayo hayo ya Karthika, kwa hiyo mti huabudiwa ukiwa umebeba.

Upande wa imani, kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Lakshmi, mungu wa kike wa neema na mali. Alitaka kuwaabudu Vishnu na Shiva, miungu wakuu wawili wa Wahindu, kwa pamoja, akakwama: Vishnu hupendezwa na jani la tulsi (aina ya mrihani), Shiva hupendezwa na jani la bilva. Akaona kwamba mti wa amla una sifa za miti yote miwili, akauabudu. Vishnu na Shiva wakamtokea, naye akawapikia na kuwalisha pale pale chini ya mti, kisha akala yeye. Ukishakijua kisa hiki, mengi ya siku ile yanajieleza. Karthika ni mwezi wa Shiva na Vishnu wote wawili, na huo ndio mti unaowakutanisha.

Kuna na kisa cha Adi Shankara, mwanafalsafa mkubwa wa Kihindu. Alipokuwa kijana akiomba chakula nyumba kwa nyumba, alifika kwa mama maskini ambaye hakuwa na kitu ndani ila tunda moja la amla. Mama akampa hilo hilo. Shankara akaimba utenzi wa kumsihi Lakshmi, utenzi ambao mpaka leo huimbwa kwa jina la Kanakadhara Stotram, na matunda ya amla ya dhahabu yakanyesha juu ya nyumba ile. Mimi nakipenda zaidi kisa hiki kwa sababu ya yule mama, kuliko hata hiyo dhahabu.

Kwa Kisanskriti mti huu huitwa pia Dhatri, yaani mlezi, mwenye kunyonyesha.

Hufanyika lini?

Wakati wowote ndani ya mwezi wa Karthika, ambao huangukia kati ya Oktoba na Desemba. Kwa Watelugu mwezi huanza siku inayofuata mwezi kutoonekana wa Diwali, ukaisha mwezi unapopotea tena. Kaskazini mwa India wanahesabu kuanzia mwezi mpevu hadi mwezi mpevu, kwa hiyo Karthika yao hutangulia kwa takriban wiki mbili.

Kalenda yenyewe ni ya mwezi mwandamo, lakini haitembei kama ya Kiislamu, ambayo Ramadhani yake huzunguka misimu yote. Hii huongezewa mwezi mzima wa ziada kila baada ya miaka miwili na miezi kadhaa ili irudi kwenye msimu wake. Ndiyo maana mwezi mpevu wa Karthika ulikuwa tarehe 15 Novemba mwaka 2024, ukarudi nyuma hadi tarehe 5 Novemba mwaka 2025, halafu ukaruka mbele hadi tarehe 24 Novemba mwaka 2026, mwaka wenye mwezi wa ziada.

Ndani ya mwezi huo kuna siku zenye uzito zaidi. Jumatatu ni za Shiva, na wengi hufunga mchana kutwa hadi nyota zionekane. Siku ya 11 baada ya mwezi kuandama, Vishnu huamka katika usingizi wake wa miezi minne. Mwezi mpevu ni usiku wa taa. Hata hivyo, karamu nyingi za siku hizi hufanyika Jumapili kwa sababu moja tu: ndiyo siku watu hawaendi kazini. Hapo huzuka ubishi kidogo, maana wazee wengi wa Kitelugu wanashikilia kwamba tunda la amla haliliwi Jumapili. Kwa hiyo utaona familia inauabudu mti wa amla, inawasha taa za amla, lakini achari ya amla haigusi hadi kesho yake.

Je, jambo hili limo katika maandiko?

Limo. Katika mwezi huu nyumba nyingi husoma Karthika Puranam, masimulizi yanayohesabiwa kuwa sehemu ya Skanda Purana, mojawapo ya Purana, yaani vitabu vya kale vya visa vitakatifu vya Kihindu. Yana sura 30, zinasomwa sura moja kila siku, na msimulizi wake ni mwenye hekima Vasishtha akimweleza mfalme Janaka. Humo kula chini ya mti wa usiri kunasifiwa sana, pamoja na kuliabudu pale shinani jiwe la saligrama, jiwe jeusi la mto Gandaki wa Nepal ambalo ni alama ya Vishnu.

Watu hutaja pia Bhagavata Purana, kitabu cha 10, pale mungu Krishna alipokuwa mtoto mchunga ndama. Yeye na wenzake walikaa ukingoni mwa mto Yamuna, wakamzunguka duara kwa duara, kila mmoja akafungua chakula alichofungiwa na mama yake, wakawa wanaonjeshana huku wakicheka. Wakati wanakula, mungu Brahma akawaficha ndama wao ili amjaribu Krishna. Wanaosimulia kisa hiki kwenye vanabhojanam huwa hawana haraka ya kufika kwa ndama. Hukaa sana pale penye kuonjeshana.

Siku yenyewe inakwendaje?

Huanza alfajiri kwa kuoga. Wanaoishi karibu na mto Godavari au Krishna huoga mtoni, na kuoga alfajiri mwezi mzima wa Karthika ni nadhiri ya watu wengi, hasa wanawake. Kisha watu hubeba vyombo na kwenda mahali palipochaguliwa.

Wa kwanza kufika husafisha shina. Takataka huondolewa, ardhi hufagiwa na kunyunyiziwa maji, na mama au dada mmoja huchora muggu, michoro ya unga wa mchele inayomwagwa kwa vidole viwili bila kuinua mkono hovyo. Shina hupakwa manjano na kutiwa nukta za kumkumu, ule unga mwekundu. Picha au sanamu za miungu huwekwa chini ya mti, maua na majani hutolewa, na majina ya Vishnu na Shiva hutajwa moja moja. Wengine hulizungushia shina uzi huku wakilizunguka.

Halafu zinakuja taa, na hapa naomba utulie uangalie, maana ni jambo la mikono ya watu. Tunda la amla hukatwa kipande cha juu kwa kisu kidogo, likachongwa kijishimo pale juu ya kokwa, kisha likawekwa chini lisimame lenyewe. Utambi wa pamba, uliosokotwa ukawa na kitako kipana na ncha iliyochongoka, huwa umelowekwa kwenye samli tangu jana yake. Unasimamishwa ndani ya kijishimo na kuwashwa. Samli ikipata moto, tunda nalo hupata joto na kutoa harufu ya uchachu kidogo. Taa moja hudumu dakika chache tu. Zikipangwa nyingi kuzunguka shina, watoto huwekwa zamu ya kuzikinga na upepo kwa viganja.

Baada ya hapo chakula chote huletwa mbele ya mti, kikafunuliwa na kutolewa kwa mungu. Hakuna aliyeonja kabla, hata mpishi. Chumvi hukadiriwa kwa mkono. Kisa kinasomwa, watu wanauzunguka mti, sadaka zinatolewa: nafaka, taa, matunda ya amla, nguo kwa asiyejiweza. Ndipo mikeka inapotandikwa.

Zamani kupika kulifanyika pale pale, sufuria juu ya mawe matatu, mafiga kamili kama yetu, na kuni za kuokota. Sehemu nyingi siku hizi hukodishwa wapishi, au kila nyumba huja na chungu chake. Ukipata bahati ya kualikwa penye mafiga, nenda mapema ukakate mboga. Utajifunza zaidi hapo kuliko kwenye ibada.

Mchana baada ya kula kuna michezo: kabaddi, kuvuta kamba, nyimbo za kupokezana ambapo herufi ya mwisho ya wimbo mmoja inaanzisha mwingine, tambola (mchezo wa bahati wa namba) kwa wazee, na ngoma ya vijiti ya kolatam kwa akina mama. Jua likielekea kuzama watu hufungasha.

Kunaliwa nini?

Kwanza pulihora, wali wa ukwaju. Mchele hupikwa ukatengana, ukachanganywa na rojo zito la ukwaju uliopikwa na manjano, kisha ukaungwa kwa mafuta yenye haradali, pilipili kavu, karanga, dengu na mvuje. Ni chakula cha safari kwa asili yake: ukwaju na mafuta huufanya wali ukae tangu asubuhi mpaka jioni bila kuharibika, na ndiyo sababu haukosekani kwenye mlo wa nje. Wakati wa Karthika wengi hupika na aina ya pili, ambapo amla iliyokunwa inashika nafasi ya ukwaju.

Kisha kuna garelu, bajia za choroko nyeusi zenye tundu katikati. Kuna boorelu, madonge ya dengu na sukari guru yaliyochovywa kwenye rojo la unga na kukaangwa. Ukilipasua moja likiwa moto, humiminiwa samli ndani. Kuna paramannam, wali uliopikwa kwa maziwa na sukari guru. Kuna mbaazi zilizoparazwa na kupikwa zikalainika, biringanya ndogo zilizojazwa viungo, papadi, achari, na mwisho wali wa mtindi wa kutuliza tumbo. Watu wa delta ya Godavari hawakubali karamu iishe bila fenesi bichi lililokatwakatwa likawa kama nyama ya kusaga, likaungwa kwa haradali iliyosagwa. Ukilipata, omba uongezewe.

Chakula huandikwa kwenye jani la mgomba, au kwenye sahani za majani makavu yaliyoshonwa kwa vijiti. Sahani hizi za majani ziliwahi kupotea njia mbele ya plastiki na zinarudi, nami nafurahi kila ninapoziona, kwa sababu karamu ya kuuheshimu mti inayoacha plastiki shinani imejipinga yenyewe.

Mbona hakuna nyama, wala kitunguu?

Karthika ni mwezi wa kujizuia. Familia nyingi zinazokula nyama mwaka mzima huiacha kabisa kwa siku hizo, na chakula cha kutolewa kwa mungu hakiwekwi vitunguu maji wala vitunguu saumu, vinavyohesabiwa kuwa vinaamsha tamaa ya mwili. Usichanganye na karamu nyingine za nje katika vijiji vya Telangana, ambako wanakijiji hutoka kwenda kumheshimu mungu wa kike wa kijiji na huko mbuzi na kuku huchinjwa. Hizo zina msimu wake na taratibu zake.

Ni lazima kuwe msituni?

Kwa maneno ya zamani, ndiyo. Kwa hali ilivyo, penye mti na nafasi panatosha. Konaseema, kwenye delta ya Godavari, watu hukaa kwenye mashamba ya minazi, kwingine kwenye mashamba ya miembe. Wa Vijayawada huvuka kwa boti kwenda kisiwa cha Bhavani katikati ya mto Krishna. Mijini ni bustani za umma, ua wa hekalu, hata uwanja wa maghorofa penye mti mmoja uliopandwa kwenye pipa. Novemba pia ni msimu wa vimbunga katika Ghuba ya Bengal, kwa hiyo kwenye pwani ya Andhra huahirishwa mara nyingi kwa mvua.

Ni Watelugu peke yao?

Hapana. Kaskazini mwa India kuna Amla Navami, siku ya tisa baada ya mwezi wa Karthika kuandama, ambayo mwaka 2024 ilikuwa tarehe 10 Novemba. Wanawake humwagia mizizi maziwa na maji, hulizungushia shina uzi, hupika na kula hapo na familia zao. Maharashtra wana mlo wao chini ya mti huo huo, uitwao avali bhojan.

Wakonkani wa Goa na pwani ya Karnataka wana namna inayonivutia sana. Wao hawaendi peke yao. Humbeba mungu wa hekalu kwa machela mpaka bustanini, hufanya ibada ya moto kwa heshima ya Dhatri, hula mbele yake, na jioni humrudisha nyumbani kwa taa na ngoma. Hekalu maarufu la Tirumala nalo lina siku yake: sanamu ya maandamano ya Malayappa Swamy, umbo la Vishnu, na wake zake Sridevi na Bhudevi hupelekwa hadi Paruveta Mandapam, banda lililo nje kidogo ya hekalu kuelekea msituni, huogeshwa kwa maziwa, mtindi, asali na maji ya dafu, kisha waumini hulishwa.

Nimesikia siku hizi ni mikutano ya kasti, yale matabaka ya kuzaliwa nayo. Ni kweli?

Ni kweli kwa sehemu kubwa, na inaniuma kuisema. Katika miongo ya karibuni karamu kubwa za Andhra na Telangana zimekuwa zikiandaliwa na vyama vya kasti: Wakamma wana yao, Wakapu yao, Wareddy yao, Wavelama yao, Wabrahmin yao. Maelfu hukusanyika, wanasiasa wa kasti husika hupanda jukwaani, mti hubaki pembeni umefungwa utepe. Magazeti ya Kitelugu hulijadili hili karibu kila Novemba.

Watetezi wake husema kwamba wahamiaji wa mjini wamepotezana na ndugu zao, na hapo ndipo vijana hukutana, wachumba hupatikana, watoto wa wasiojiweza hupewa ada za shule. Hayo yapo, siyakatai. Lakini mlo huu umejengwa juu ya safu. Watu huketi chini mstari mmoja, jani kwa jani, anayepakua huanza mwanzo wa mstari na kumaliza mwisho wake, bila kumruka mtu na bila kumbagua mtu kwa sahani. Kuichukua safu hiyo ukaweka lango la jina la ukoo mbele yake ni kuuondoa moyo wake. Watoto wa Krishna pale Yamuna walionjeshana vyakula vya makwao.

Wapo wanaofanya vingine, nao si wachache: vyuo, ofisi, mitaa ya maghorofa, vikundi vya kutunza miti, ambako jirani yeyote hukaribishwa. Mialiko ya vijana wetu kwa kawaida hutoka huko. Ukipewa nafasi ya kuchagua, nenda huko.

Mimi ni Mwislamu, au Mkristo. Naweza kwenda?

Kualikwa utaalikwa, na hakuna atakayekulazimisha kusujudu au kuzunguka mti. Kaa pembeni kwa adabu wakati wa ibada, inatosha.

Suala zito ni chakula. Karibu chote kimetolewa kwa miungu kabla ya kupakuliwa, na kwa wenyeji ndiyo baraka yake. Kama dini yako hairuhusu kula kilichotolewa hivyo, usiende ukajifanya umeshiba. Mwambie aliyekualika siku moja kabla, faragha, kwa upole. Watelugu ni watu wa kukirimu mgeni. Atakuelewa, na huenda akakutengea chakula chako mapema. Kinachowaumiza ni jani lililojaa chakula na mgeni asiyegusa wala kueleza.

Niende na nini, na nijiendesheje?

Usiende na nyama, mayai wala pombe. Matunda yanafaa sikuzote, nazi pia. Vua viatu mbali na shina. Kula kwa mkono wa kulia. Waamkie wakubwa kwanza, kwa viganja vilivyounganishwa.

Usianze kula mpaka safu nzima imepakuliwa. Mpakuaji atarudi tena na tena, na neno la kumzuia ni "chalandi", inatosha kwa heshima, huku ukiinamisha kiganja juu ya jani. Bila hivyo utaongezewa. Ukimaliza, likunje jani kwa kulileta upande wako. Kulikunja kwenda mbele ni desturi ya matanga, na wazee hushtuka wakiona. Kisha libebe mwenyewe mpaka kwenye rundo la majani, ambayo mara nyingi huliwa na ng'ombe.

Ni kweli kwamba hewa ya chini ya mti wa amla inaponya?

Utaambiwa hivyo, na sana. Chukua kama maneno ya mapenzi kwa mti. Tunda lenyewe ni suala jingine: ni miongoni mwa matunda yenye vitamini C kwa wingi, na tiba ya jadi ya Ayurveda imelitumia kwa karne nyingi, likiwa mojawapo ya matunda matatu ya dawa ya triphala na kiungo kikuu cha chyavanprash, dawa nzito kama jamu. Mkutano wa familia ulioshinda nje siku nzima, bila nyama wala pombe, watoto wakikimbia, hauhitaji sababu ya kitabibu.

Je, hufanyika kwetu au nchi za Ghuba?

Watelugu hubeba Karthika popote waendapo. Dubai na Muscat hukutana kwenye bustani za umma, na Novemba kule ndiyo hali ya hewa inaanza kuwa nzuri. Marekani inawabidi kuwahi kabla ya baridi kali. Penye upungufu wa mti huletwa mche kwenye chungu, au tawi, au matunda ya dukani yakapangwa chini ya mti wowote wenye kivuli.

Kwa Afrika Mashariki, Wahindu wengi wa Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Kampala asili yao ni Gujarat, na Karthika yao ina mambo mengine: mwaka mpya, Annakut ambapo vyakula vingi hupangwa mbele ya mungu, na ndoa ya tulsi. Familia za Kitelugu ni chache na karamu zao ni ndogo, tena huangukia msimu wa vuli, kwa hiyo turubai ni la lazima. Amla yenyewe si ngeni kwetu. Mafuta ya nywele ya amla yako kwenye maduka ya vipodozi kila mji, na matunda yaliyokaushwa hupatikana kwenye maduka ya viungo ya Kihindi.

Nikitaka kuupanda mti huu nyumbani?

Unapenda jua, unastahimili ukame ukishashika, na hautaki udongo unaotuamisha maji. Wa mbegu huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa, wa kuunganishwa huanza mapema zaidi. India matunda mengi hutoka Uttar Pradesh, na wilaya ya Pratapgarh ndiyo yenye sifa. Aina utakazosikia ni Chakaiya, Krishna, Kanchan na NA-7. Panda miche miwili ya aina tofauti, si mmoja, kwa kuwa mti wa amla ukiwa peke yake huchavuka kwa shida na unaweza kukaa miaka ukitoa maua bila matunda.